Makonsuli wa Soko la Jumatano

Siku binti yangu alipopiga simu kutoka Maskati kuniambia kuwa ameshachagua la kuandika, nilikuwa jikoni nakaanga visheti. Simu nimeibana kwa bega, mwiko mkononi.

"Mama, nitaandika juu ya makonsuli ya bahari ya Wakatalani."

"Makonsuli wa bahari," nilimsahihisha, maana nimesomesha miaka mingi na ulimi wangu hauna mapumziko. "Na hao Wakatalani ndio nani?"

"Watu ya Barcelona."

"Wale wa mpira?"

"Hao hao, lakini zamani sana, kabla ya mpira."

Visheti vikaungua upande mmoja. Mwanangu huyu kazaliwa Nizwa, wakati mimi nasomesha historia katika skuli ya wasichana ya huko. Kiarabu chake ni kizuri hata cha kuandikia vitabu. Kiswahili kakipata nyumbani tu, kwangu na kwa bibi yake, na kwake yeye kila kitu duniani ni "ya". Risala yake, ndivyo tunavyokiita hapa kile kitabu anachokiandika mwanafunzi ili apate shahada ya juu, angeiandika kwa Kiarabu. Lakini alitaka kila Ijumaa akija Ibra atusomee kwa Kiswahili. Alisema akielewa bibi yake, basi walimu wake hawatakuwa na la kusingizia.

Bibi yake ndiye mama yangu. Amepita themanini, kazaliwa Mjini Unguja, na mpaka leo akiulizwa kwao wapi hujibu kwa kutaja mtaa, si nchi. Tangu nilipostaafu tumehamia Ibra, kwenye nyumba ya jamaa za marehemu mume wangu, na mama ndiye aliyenifundisha upya kupika visheti na kashata ili nisikae bure. Nikawa nakwenda kuuza katika soko la wanawake kila Jumatano asubuhi.

Ijumaa ya kwanza binti yangu alifika na mkoba wa makaratasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, kaa, tusikie habari za hao makonsuli wako. Mimi konsuli namjua. Kwetu alikuwa Mzungu mwenye nyumba kubwa na bendera juu. Ukipita mlangoni kwake unapunguza sauti."

"Hapana, bibi. Mwanzo wake hakuwa na bendera. Hakuwa na nyumba pia. Alikuwa mtu wa biashara tu, wenzake wamemchagua."

Akasoma, na palipomshinda Kiswahili aliruka akaingia Kiarabu, kisha akarudi. Mimi nitaeleza kwa namna nilivyofahamu. Katika pwani ile, karne ya kumi na tatu kwa hesabu ya Kizungu, walikuwapo watu waliokaa kando ya maji: wenye vyombo, mabaharia na wafanyabiashara. Wakigombana juu ya tanga lililochanika au mzigo ulioingia maji, walilazimika kwenda kwa mahakimu wa mjini ambao hawajapata kulowa mguu. Hakimu anataka waraka juu ya waraka, na huku msimu wa safari unapita. Wakamwomba mfalme wao awaache wachague watu wao wenyewe. Mji wa Valencia, kwa mfano, kila mwaka mkesha wa sikukuu yao kubwa walikutana kanisani, wakachagua wawili miongoni mwao, wakawaapisha. Hao ndio makonsuli wa bahari. Waliamua haraka, kwa maneno ya mdomo tu, kwa desturi ya bahari. Asiyeridhika alikuwa na hakimu wa rufaa wa kumwendea, naye pia mtu wa bahari. Na wafanyabiashara wao walipovuka kwenda bandari za Tunis, Bejaia na Iskandaria, huko nako waliwekewa konsuli wa kuwaangalia, wakakaa pamoja katika nyumba moja yenye bohari chini na vyumba juu.

"Nyumba hiyo," binti yangu alisema, na macho yakamng'aa, "waliita alfondek."

"Funduk!" mama alisema, kwa Kiarabu cha nyumba ya wageni.

"Funduk, bibi. Neno ile ile. Walichukua kwa Waarabu."

Mama alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Kisha akaipangusa sahani, akasema, "Babu yako alikuwa konsuli, basi."

Binti yangu akanitazama. Nilikuwa sijapata kulifikiri hilo. Tulipofika Nizwa kutoka Unguja, mimi mdogo bado, watu wetu wengi hawakuwa na Kiarabu cha kutosha. Baba alikuwa nacho. Basi asubuhi nyingi mlango wetu uligongwa, na yeye akavaa kilemba chake, akamsindikiza mtu ofisini kutafuta karatasi za mtoto, au kwa mwenye nyumba, au hospitali akamweleze daktari maumivu yako wapi. Na wakikosana wenyewe kwa wenyewe walikuja kwake pia, wakakaa ukumbini, mama akawapikia chai. Hakuna aliyemteua kwa barua. Walimtaka tu, na yeye akaitika.

"Andika hilo," mama alimwambia mjukuu wake.

"Haiwezekani, bibi. Risala ni ya Wakatalani."

"Haya, hasara yao."

Nasema kweli, pamoja na hayo sikuona faida ya kazi ile. Nilimwambia, hapa karibu, bandari ya Sur, kulikuwa na mabaharia waliokuwa wakiamua mambo yao kwa desturi yao, hebu soma hao, utakula na samaki. Akaniambia Sur itafuata inshallah, kwanza anataka ajue wale wengine jambo lao lilianzaje. Wiki zikapita, kila Ijumaa tukasomewa, na mimi mara nyingine nilisinzia.

Sasa nije sokoni. Safu yetu ilikuwa na wanawake wanne. Majina yao sitayataja. Wote wako hai, wana ndimi, na Jumatano haiko mbali. Wa kwanza ni mimi na visheti vyangu, kashata, na achari ya embe kwenye vigudulia. Wa pili ni muuza samaki wakavu, mwanamke wa Sur ambaye mama yake katoka Pemba. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na akicheka safu nzima inajua. Wa tatu ni muuza nguo, mwenzangu wa Unguja kwa wazee wake, anayeshona kanzu za kike na kuzitia nakshi, mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Wa nne ni muuza manukato, mwenyeji wa Ibra hasa, mjane, asiyejua Kiswahili hata neno moja ila "karibu". Huyo huuza mafuta ya udi na mawaridi katika chupa ndogondogo, ubani, na vyetezo vya udongo vya kufukizia. Mpole, nadhifu, hajapata kumwomba mtu hata chumvi.

Mizigo yetu ilichukuliwa na dereva mmoja mwenye pikapu, mtu wa mji wa Adam. Siku nyingine hubeba mbuzi, na gari yake haikufichi hilo. Sisi anatuita khalati zangu, yaani mama zangu wadogo, ingawa ana ndevu zenye mvi.

Ikatokea mwenye kambi moja ya watalii, ndani ya mchanga wa jangwa kupita mji wa Al Mintirib, akatualika tukatandaze bidhaa zetu kwake Alhamisi alasiri. Alikuwa na wageni wengi. Tulifurahi kama wasichana wa skuli wanaopelekwa matembezi. Dereva alipanga mizigo: marobota ya nguo na magunia ya samaki chini, madebe yangu katikati, na juu kabisa masanduku mawili ya manukato. Muuza manukato aliomba mwenyewe yawekwe juu, vitu vyake visije vikapondwa.

Tulichelewa kutoka, kwa sababu muuza nguo alikuwa hajamaliza kushona kanzu mbili. Al Mintirib dereva alisimama akapunguza pumzi ya magurudumu, maana mchanga hautaki gurudumu gumu. Hapo simu ikalia: wageni wameshafika, wanakunywa kahawa, sisi tuko wapi?

"Hakuna njia ya mkato?" muuza nguo aliuliza.

"Ipo," dereva alisema, "lakini inapanda."

"Panda!" tulisema sote, na mimi nikiwamo.

Alipanda. Kilima cha mchanga ukikitazama kwa mbali ni laini kama mto wa kulalia. Ukiwa juu yake ni kitu kingine. Tulikuwa tumebakisha hatua chache kufika kileleni gari iliponyong'onyea, magurudumu yakazama, kisha mkia ukaanza kuteleza taratibu kuelekea kushoto, na gari nzima ikainama.

"Shukeni kwa upande wa juu!" dereva alisema.

Tulishuka, wanawake wanne wazima, tukitambaa kwa magoti, mabaibui yamejaa mchanga. Yeye akashuka wa mwisho akaizunguka gari. Mchanga ulikuwa unatiririka chini ya gurudumu la nyuma kama maji. Akatutazama, na nakumbuka alivyoweka mkono kifuani alipokuwa anasema:

"Khalati zangu, masanduku ya juu yanaivuta gari. Nikiyatupa, itasimama. Nisipoyatupa, itabingirika na kila kilichomo. Nitupe?"

Unajibu nini, na vitu si vyako? Muuza samaki ndiye aliyechupa. Aliparamia ubavu wa gari, akachomoa kifuko chake cha samaki kilichofungwa juu kando ya masanduku, akakirusha bondeni.

"Haya, cha kwangu kimetangulia! Tupa!"

Muuza manukato alijifunika macho kwa ncha ya mtandio, akatikisa kichwa kukubali. Dereva akakata kamba. Sanduku la kwanza likaruka, likapiga mchanga mgumu, likafunguka. La pili likalifuata na kulipiga la kwanza. Tulisikia chupa. Gari ikatikisika, ikajiinua, ikatulia.

Baada ya hapo ilikuwa kufukua mchanga kwa mikono na sahani zangu za visheti, na kusukuma. Tulifika kileleni. Nilipogeuka nyuma niliona doa jeusi kwenye mchanga, vigae vya vyetezo vimetawanyika, na harufu inapanda kutufuata: udi, mawaridi, zafarani, vyote kwa pamoja. Kifuko cha samaki kilikuwa kizima. Muuza samaki alikwenda kukiokota, na samaki wale walinukia mawaridi kwa wiki mbili.

Kambini tuliuza vizuri mno. Watalii walinunua kanzu, walinunua kashata, na wengine walitujia wakivuta pumzi kutuuliza nguo zetu zinanukia nini. Muuza manukato alitandika mkeka wake kama sisi, akakaa juu yake, mbele yake hakuna kitu. Kisha akachukua birika la kambi, akawa anawamiminia wageni kahawa kana kwamba yeye ndiye mwenyeji wao. Alikuwa akitabasamu. Mimi nilishindwa kula.

Njiani kurudi aliniambia kwa Kiarabu, "Alhamdulillahi, hatukuumia."

Tulipomteremsha mlangoni kwake, ndani ya gari maneno yakaanza.

"Dereva ndiye mwenye makosa," muuza samaki alisema. "Kapita pasipopitika."

"Nyinyi ndio mliosema panda," dereva alijibu. "Na niliuliza kabla ya kutupa. Sikuuliza?"

"Kila mtu na riziki yake," muuza nguo alisema. "Ingekuwa nguo zangu ziko juu, ningelia peke yangu."

Hilo la mwisho lilinikaa moyoni, kwa sababu lilikuwa kweli, na sikupenda liwe kweli.

Nikaswali Isha, nikampigia binti yangu simu ili nipoze roho tu. Nilimweleza yote. Upande wa pili ukapigwa ukelele ambao mama aliusikia kutoka chumbani kwake.

"Mama! Dereva aliuliza kwanza?"

"Aliuliza."

"Mbele ya wote?"

"Mbele yetu sote."

"Na mwenye mali mmoja alitupa ya kwake mwanzo?"

"Muuza samaki. Kwa nini?"

"Mama, hiyo ndiyo mlango nzima ya risala yangu!"

"Mlango mzima," nilisema, nikavuta kiti nisikie hiyo sura ya kitabu chake.

Akanieleza, na safari hii sikusinzia. Katika desturi za Wakatalani, dhoruba ikikishika chombo, nahodha hatupi mzigo kwa amri yake. Huwaambia wafanyabiashara waliomo, wote wakisikia, kwamba chombo kisipopunguzwa kitaangamia. Wakikubali, mmoja wao huanza kutupa kitu, ndipo na nahodha atupe. Na wakifika bandarini salama, hasara haimlalii yule ambaye vitu vyake vilikuwa karibu na ukingo. Mizigo yote iliyosalimika inabeba fungu lake, kila mmoja kwa kadiri ya alichokuwa nacho. Chombo chenyewe nacho kinachangia, kikihesabiwa nusu ya thamani yake.

"Na wakibishana?"

"Wanakwenda kwa makonsuli."

"Sisi hatuna."

"Chagueni," alisema, kama anayeniambia ninunue vitunguu.

Kesho yake, Ijumaa baada ya Alasiri, walikuwa wote ukumbini kwetu. Binti yangu alikuja mbio kutoka Maskati. Dereva alifika mwisho, katoka kuuza mbuzi soko la Nizwa, na mama akamwomba kwa adabu akae karibu na dirisha. Muuza manukato aliitwa kwa kahawa tu, hakujua lililoandaliwa.

Binti yangu alisimama akaeleza tena, nusu Kiarabu na nusu Kiswahili chake. Muuza nguo akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo:

"Kila mtu hapa ana mzigo wake ndani ya hiyo gari. Atahukumu nani? Si tumwite mtu wa nje?"

"Hapana, khala," binti yangu alisema. "Wale hawakutaka mtu ya nje. Walitaka anayejua kazi."

Tukachagua. Muuza samaki alipata sauti zote, hata yake mwenyewe. Wa pili nikawa mimi, nadhani kwa sababu ya ualimu. Muuza nguo alisema ikiwa ni hivyo basi tuape kwamba hatutampendelea mtu, tukaapa, na muuza samaki aliapa kwa sauti iliyomwamsha paka. Hakimu wa rufaa akawa mama yangu. Yeye hakuwa na mzigo garini, lakini alisema amevuka bahari na watoto na sufuria, na hilo linatosha.

Tulikwenda jikoni kushauriana, konsuli mwenzangu na mimi, kati ya jiko na friji. Aliniambia, "Mwalimu, usihubiri. Sema kwa ufupi." Tukakubaliana haraka kuliko nilivyodhani. Tuliporudi nikasema kwa ufupi, kwa Kiarabu ili muuza manukato afahamu. Vitu vyake viliangamia ili vyetu vipone. Basi kila mmoja atampa sehemu ya bidhaa yake kwa kadiri ya alichopeleka, akauze mkekani kwake mpaka alichopoteza kirudi. Na dereva atambebea mizigo yake bila malipo nusu mwaka.

Dereva akasema "La!" Lakini aliyesimama ni muuza manukato. Uso umemwiva.

"Mungu apokee sadaka zenu," alisema. "Mpeni anayezihitaji. Mimi nina wanangu, nina nyumba, sijamwomba mtu."

Akashika mkoba wake. Muuza samaki alimshika mkono.

"Nani kataja sadaka? Samaki wangu leo wako nyumbani kwa sababu chupa zako ziko bondeni. Hicho ni chako, kiko kwangu. Usipokichukua, mimi nitalala na kitu cha mtu ndani ya nyumba yangu. Unataka nilale hivyo?"

Muuza manukato alimtazama mama, kama mtu anayetafuta mkubwa wa kumwuliza. Mama hakuelewa Kiarabu chote kilichosemwa kwa haraka vile, lakini uso aliuelewa. Alisema neno moja, la Kiarabu na la Kiswahili pia: "Haki."

Muuza manukato akakaa. Alikunywa kahawa yake yote, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kisha akasema, "Kama ni haki, naichukua." Na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua kitu kizito. Hapo ndipo nilipofahamu walichokipata wale watu wa pwani ya mbali walipomwomba mfalme wao ruhusa ile: mtu apokee bila kuinamisha macho.

Dereva alikata rufaa hapo hapo. Akamgeukia mama.

"Bibi mkubwa, nusu mwaka ni nyingi. Mimi niliuliza, wakakubali. Na njia ya mkato walitaka wao."

Mama alitaka atafsiriwe neno kwa neno. Kisha akamwuliza, "Gari ingebingirika, leo ungekuwa na nini?"

"Chuma, bibi."

"Na nani alitaka njia ya mkato?"

Muuza nguo akainua mkono polepole. "Mimi ndiye niliyeanza. Na mimi ndiye niliyechelewesha."

"Basi makonsuli wamehukumu vyema, lakini hili la njia hawakulitia," mama alisema. "Dereva atabeba mpaka Ramadhani tu. Na kwa kuwa kila Ijumaa anakwenda Nizwa na mbuzi wake, atampeleka bibi huyu akachague vyetezo vipya, na binti yangu huyu mwalimu atafuatana naye. Wewe wa nguo utamshonea kanzu moja ya kuvaa, si ya kuuza."

"Nakshi au bila nakshi?" muuza nguo aliuliza.

"Nakshi," mama alisema, na kesi ikafungwa. Binti yangu alikuwa anaandika kila neno, na machozi yanamtoka kwa kucheka.

Jumatano iliyofuata muuza manukato alikaa kwenye mkeka wake na kanzu tatu, debe la visheti, na gunia la samaki wakavu. Wateja wake wa siku zote walikuja kutafuta udi, wakasimama wameduwaa. Yeye aliwaambia bila kupepesa jicho, "Udi wiki ijayo. Leo nina papa mkavu, mzuri kabisa." Aliuza. Si kuuza tu, alimpita muuza samaki mwenyewe, kwa sababu watu walimwamini mwanamke nadhifu vile kwamba samaki wake nao watakuwa nadhifu. Muuza samaki alilalamika siku nzima kwamba hukumu yake imemfilisi, na alikuwa akicheka huku akilalamika.

Nizwa tulikwenda, muuza manukato na mimi katika kiti cha nyuma, mbuzi wakilia nyuma yetu njia nzima. Sokoni aligonga kila chetezo kwa kucha na kukisikiliza, akavikataa vingi, akachukua kumi na viwili. Mimi nilimwonyesha kwa mbali skuli niliyosomesha. Tulinunua halua, tukala ndani ya gari kwa vidole, na hapo ndipo aliponiomba nimfundishe Kiswahili kidogo, ili ajue tunachomsema.

Binti yangu alimaliza risala yake na akafaulu. Mmoja wa walimu waliomhoji alimwuliza kama desturi kama zile zingeweza kufanya kazi leo pasipo mfalme wala bandari. Alijibu kwamba ameziona zikifanya kazi Ibra. Wakadhani anatania. Sasa ameanza kuandika juu ya Sur, na anampigia simu mama yangu kumwuliza majina ya sehemu za chombo, ambayo mama hayajui hata moja lakini anajibu.

Na safu yetu imeshikilia mambo yake. Kila mwaka, Jumatano ya kwanza baada ya Idi kubwa, tunachagua wawili. Safu nyingine zimesikia, na mara nyingine hutuletea magomvi yao ya kivuli na ya njia ya kupitia. Mwaka wa kwanza nilihukumu mambo saba, na nadhani nilihukumu vizuri.

Mwaka wa pili sikuchaguliwa. Walimchagua muuza nguo na muuza manukato. Nilipiga makofi kama wenzangu, nikarudi nyumbani nikamwambia mama sina njaa. Kutwa nzima nilikuwa nakumbuka hukumu zangu moja moja, kutafuta ipi iliyowaudhi. Mama akaniacha mpaka Alasiri, kisha akaniambia, "Wewe unawaeleza mno."

Wiki iliyofuata walikuja wanawake wawili waliogombana juu ya turubai la kuzuia jua, nani kalifunga kwenye nguzo ya nani. Nilikaa na visheti vyangu, nikatega sikio. Muuza nguo alitangulia kuwasikiliza, akauliza maswali mawili makali. Muuza manukato hakuuliza kitu. Alinyanyuka, akaenda kuitazama nguzo, akalishika fundo la kamba, akarudi.

"Funga katikati," alisema kwa Kiswahili, kwa matamshi ya Ibra. "Kivuli ya wote."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsahihisha. Nikautia kisheti.